Kamusi Iliyofungiwa Karanga

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Kibaigwa. Vumbi, malori ya mahindi, na tangazo. Mwalimu Nikodemo amesema mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu atakwenda Dodoma mjini kushindana na shule nyingine. Somo: maneno ya kale ya Kiingereza, yale ya mashairi na tamthilia, ambayo Waingereza wenyewe wameacha kuyasema. Mshindi ataazima vitabu katika maktaba ya mkoa mwaka mzima. Mwaka mzima. Shule yetu ina kabati moja la vitabu, na nusu yake ni chaki.

Mchujo ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mwalimu atataka neno, maana yake, na namna waandishi walivyolitumia.

Nafasi ni yangu. Kizuizi ni Shamimu, anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Jumanne, 3 Agosti

Nimenunua karanga kwa Mama Stara, pale yanapopakiwa magunia. Nikala. Nikasoma karatasi. "Quoth": alisema. Hutumika kwa yaliyopita tu, na humtangulia msemaji. Chini yake mstari wa shairi kama mfano. Mama Stara anafungia karanga kwa kamusi ya maneno ya kale.

Nilimwamkia upya, kwa adabu zaidi, nikamuuliza ameipata wapi. Akasema aliinunua kwa kilo, kutoka nyumba ya Mwingereza aliyekuja Kongwa zamani kulima karanga zikamshinda. Alisema hayo akiendelea kukaanga. Herufi A hadi P zimeshakwisha. Wapakiaji wamezila.

Nimenunua pakiti nyingine tano kwa hela ya sabuni. Tumbo linauma. Tatu kati ya hizo zilikuwa za gazeti.

Jumatano, 4 Agosti

Mtu hawezi kuila kamusi yote. Nimebuni njia bora: baada ya vipindi nimsaidie Mama Stara kukunja karatasi, nisome kila moja kabla ya kuitia karanga. Alikubali haraka mno. Nimekaanga, nimepeta, nimefukuza mbuzi.

Kusoma kulichelewesha foleni. Mama Stara aliniambia, mwanangu Emilia, hawa watu wamekuja kula, hawakuja ibadani.

Nikafika kwenye "tarry": kukawia. Mfano wake ulikuwa katika ukurasa unaofuata, na ukurasa unaofuata alikuwa nao utingo wa lori la Mlali. Nilikimbia. Nikamkuta ameshafutia kijiti cha kupimia oili. Akanirudishia kwa moyo safi, akaniuliza kama ni barua ya posa.

Ijumaa, 6 Agosti

Njia ya tatu, na hii ndiyo yenyewe. Nimempa Mama Stara madaftari yangu yote ya zamani, naye amenipa kamusi iliyobaki, T hadi Z. Anasema karatasi ya daftari ni laini, inakunjika vizuri. Niliyazoa madaftari chini ya kitanda bila kupoteza muda kuyafungua.

Shamimu alipita akaniuliza kwa nini nanuka moshi. Nikamjibu ni mambo ya kitaaluma.

Jumapili, 8 Agosti

Nimetoroka mazoezi ya kwaya nikasome. Herufi W ni shamba lenye rutuba. "Whilom": hapo zamani. "Wight": kiumbe, mtu. "Wroth": mwenye hasira. "Welkin": mbingu. Kila neno lina maelezo marefu ya nani alilitumia, lini, na wapi lisitumike. Nimeyaruka hayo maelezo ili niokoe muda. Nina maneno arobaini na matatu.

Jumatatu, 9 Agosti

Mojawapo ya madaftari yale lilikuwa shajara yangu ya muhula uliopita.

Nimejua asubuhi, mstarini. Shamimu alikuwa na karatasi yenye mafuta ya karanga, akawasomea wenzake kwa sauti ya taarifa ya habari: "Shamimu anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji, na ndoo haipo." Darasa zima likaanza kutembea hivyo. Shamimu akaniambia, dada Kamusi, nimekula karanga zako, tamu kweli, ila zina wivu.

Nilikimbia kwa Mama Stara saa ya mapumziko. Machi na Aprili zilikuwa zimeuzwa. Nikaomba Mei. Akanipa, kisha akaniuliza kama ni kweli baba yangu hukoroma kanisani.

Jumanne, 10 Agosti

Mwalimu Nikodemo naye hula karanga. Ameniita ofisini, akanipa ukurasa wa Aprili, ule ninaoeleza kwamba suruali yake ya mtumba ina kiuno cha mtu mwingine. Ameusahihisha kwa kalamu nyekundu. Sita kwa kumi. Pembeni ameandika: "Picha nzuri. Punguza maneno."

Sijui alikuwa na maana gani. Nimeongeza mengine manne.

Ijumaa, 13 Agosti

Mchujo.

Shamimu alikuja na maneno matatu. Matatu tu, nikamhurumia. Alieleza kwamba "tarry", katika mashairi, husemwa na mtu asiyetaka mgeni wake aondoke, kwa hiyo ndani yake mna ombi, si ucheleweshaji peke yake. Mwalimu akavua miwani.

Mimi niliweka maneno tisa katika sentensi moja. Kwa Kiswahili ingekuwa: hapo zamani kiumbe mmoja mwenye hasira, nadhani, aliitazama mbingu ya kule ng'ambo, na kadhalika. Mwalimu akauliza sentensi hiyo inahusu nini. Nikasema ukame. Akauliza ni mwandishi gani angeandika hivyo. Nikasema Mgogo. Watu walicheka hadi kengele.

Mwalimu akasema waandishi waliyatia maneno hayo moja moja, kila moja mahali pake. Mimi nimeyapakia kama magunia, na lori limelala ubavu.

Anakwenda Shamimu.

Jumamosi, 14 Agosti

Shamimu amekuja nyumbani. Alimwamkia mama, akakaa, akanywa uji. Kisha akaniomba nimwazime kamusi yangu ya T hadi Z kwa wiki moja ajiandae. Akishinda, kila kitabu nitakachokitaka cha maktaba ya mkoa ataniazimia yeye, tusome wote wawili. Akasema ile ya ndoo ilimchekesha hata yeye.

Nimekataa. Nilimwambia nitaihitaji.

Maana nimekaa nikafikiri, na kosa langu nimeliona wazi: maneno yalikuwa machache. Na pale gulioni kuna mzee Batholomeo, muuza sabuni za kipande, anayezifunga kwa kurasa za kitabu cha zamani cha sheria. Neno moja humo lina mistari miwili. Mengine ni Kilatini kabisa.

Nimemwahidi madaftari yote ya kaka Lameck. Lameck ana mtihani wa taifa Novemba, lakini ana kumbukumbu nzuri.