Nilivyokwenda kumwombea radhi Salma kwenye hoki

Jamani, leo nimefedheheka barafuni, na kanzu yangu mwilini.

Mjukuu wangu Salma anacheza hoki ya barafu. (Kwetu Pemba barafu tuliijua ndani ya gilasi tu.) Yuko timu ndogo ya ligi ya chini, wanakolelewa vijana mpaka wakomae. Anatamani sana kupandishwa timu kubwa, na leo kocha wa huko alikuja kumtazama. Nikapanda treni kutoka Ilford, huku London ninakoishi, tasbihi mkononi.

Mchezo ukaanza. Salma akaingia. Hata sijamaliza kumwombea, katolewa! Akaingia tena. Katolewa tena! Moyo ukaniuma. Nikajua tu: kamvunjia adabu kocha wake, naye anamkomesha mbele ya mgeni.

Kwetu mtoto akimkosea mwalimu, mzee wake huenda kumwombea radhi. Nikashuka mpaka kwenye benchi lao.

"Mwalimu, huyu bado mtoto. Kama kakosa, nisamehe mimi. Mrudishe."

Kocha akanigeukia. "Mzee, hajakosa kitu. Hoki inachosha, wanapokezana. Kila mmoja hutoka."

"Kila mmoja?"

"Babu," Salma akanong'ona, uso kauficha kwenye glavu, "please, nenda ukakae."

Nikaaga. Na mwalimu hapewi mgongo, kwa hiyo nikarudi kinyumenyume, mkono kifuani. (Adabu niliyofunzwa chuo cha Kurani tangu utotoni.) Wakati huohuo wachezaji walikuwa wanapokezana, na kimlango cha uwanjani kiko wazi nyuma yangu.

La haula! Nikaenda kwa makalio mpaka barafuni, kofia huku, tasbihi kule. Filimbi ikalia. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Salma akaja, akanishika makwapani, akanisukuma taratibu mpaka kimlangoni kama kabati.

Baada ya mchezo kocha mgeni akamwambia, "Bado. Baki chini msimu mmoja. Cheza sana, kosea sana, hapa ndipo mahali pa kukosea."

Machozi yakamlenga. Nami namshukuru yule bwana: angempandisha mbichi, wangemvunja. Lakini mtoto utamwambiaje hayo akaelewa? Tukapanda treni kurudi, nikihofu huenda nimemharibia.

Mara akaanza kucheka peke yake.

"Babu, kocha mkubwa anatazama, wewe ukaingia, ukapigiwa makofi. Watakupandisha wewe kwanza."

Alhamdulillahi, mifupa yote mizima. Ombi langu moja: aliyenirekodi, tafadhali, asiitume video hiyo kwenye grupu la msikiti. Ijumaa natoa darsa la utulivu.