Gundi ya Mgunga Juu ya Chatu

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Kijiji chetu, hapa jirani na Tinde, kimepata mgeni wa maana. Dokta Noela wa makumbusho, kutoka Dar. Si dokta wa vidonge. Dokta wa rangi! Kaja kwa ajili ya nyumba ya zamani ya Bayeye, wale wachezea nyoka, yenye chatu mkubwa kachorwa ukutani. Anataka kujua rangi ile ilishikishwa na nini, ili aitengeneze bila kuiharibu. Na mlangoni litawekwa bango lenye jina la mchoraji.

Hapo ndipo vita. Mchoraji ni babu yangu Makoye. Deusdedit, jirani mwenye kichwa kama kibuyu, anadai ni babu yake Masele. Wazee wote wawili marehemu. Mwenyekiti Kalisti akaamua: kila ukoo utaje babu yao alichanganyia rangi nini, kisha mashine ya Dokta iseme nani mkweli. Nikasimama, kifua mbele: gundi ya mgunga! Deusdedit akasema mayai ya kanga. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwazidi.

Ukweli, na usitoke humu: sijui babu alichanganya nini. Nilitaja mgunga kwa sababu nilikuwa nimeuegemea.

Jumanne, 13 Agosti

Nimempa Dokta shikamoo nzito. Nikamweleza kuwa sampuli ndiyo fani yangu, nimekaa machimbo ya Geita miezi minne. (Nilikuwa nachota maji. Hakuuliza.) Akanionyesha kazi: anabandua chembe ya rangi, ndogo kama punje ya chumvi, anaimulika kwenye mashine. Gundi ya mti ina alama yake, yai lina yake, mafuta yana yake. Chembe atachukua Ijumaa.

Akili ikaniwaka. Kule machimboni, kabla mnunuzi hajaja kupima, wajanja hunyunyiza vumbi la dhahabu kwenye mawe matupu. Mawe yanapanda cheo. Basi ukuta ni nini? Jiwe lililosimama!

Niliishia kidato cha pili. Ningeendelea, nchi ingenikoma.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekusanya gundi. Miiba kumi na saba mwilini, mmoja mahali nisipopataja. Bibi Mbuke, mjane wa babu, akauliza napika nini kwenye sufuria yake. Nikasema dawa ya kikohozi. Akakohoa papo hapo, akadai kijiko. Ningefanyaje? Nikampa. Akaniita ng'wanawane, mwanangu, akasema dawa yangu haina sukari. Nikatia robo kilo.

Alhamisi, 15 Agosti

Mnada. Kijiji kitupu. Nikaingia kwa dirisha na brashi yangu.

Ajabu! Chatu amelowa. Inzi. Harufu ya mayai. Ganda sakafuni. Deusdedit! Mwizi mkubwa! Anaidanganya sayansi mchana kweupe! Nilisikitika kwa niaba ya taifa, dakika nzima.

Kisha nikapaka gundi juu ya mayai yake, kichwa hadi mkia. Chatu akang'aa kama pikipiki mpya.

Ijumaa, 16 Agosti

Balaa. Mlango unafunguliwa, chatu anatembea! Mwenyekiti alitoka mbio, kiatu kikabaki. Kumbe sisimizi. Maelfu, wamefuata sukari, wamejipanga mgongoni mwa nyoka.

Dokta hakupiga kelele. Angepiga ningefurahi. Mashine ikasema juu kuna gundi yenye sukari, chini yake yai bichi. Mwenyekiti akaokota ganda, akasema hili la kuku, kanga hahusiki. Watu wakatutazama, mimi na Deusdedit. Tukatazama dari.

Dokta akasema polepole kwamba uchafu wetu ukikauka utajikunja na kuivuta rangi ya zamani, na mvua za kwanza zitakuta ukuta mtupu. Chatu yule nimemjua tangu natambaa! Tumebeba ndoo mpaka jioni, Dokta akisafisha kwa pamba, kidogo kidogo. Gundi ikatoka. Yai likatoka. Chatu akabaki. Deusdedit alilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Jumamosi, 17 Agosti

Chembe ya chini kabisa imesema. Si mgunga. Si yai. Maziwa!

Hapo Bibi Mbuke akasimama kwa fimbo yake. Akasema ni mtindi, na majivu, na udongo mwekundu, na aliyechanganya ni yeye, mwaka 1961, bibi harusi wa miezi mitatu. Makoye na Masele, waliopewa kazi ya kuchora, walilewa kabla ya sherehe ya Bayeye, wakalala. Akaifanya kazi yote yeye. Walipoamka wakaona aibu, wakamwomba asiseme. Dokta akauliza mbona Jumatatu alinyamaza. Bibi akajibu kuwa Mwenyekiti aliuliza babu zetu walichanganya nini, na babu zetu walichanganya pombe na pombe.

Wakampa ubao, mtindi na udongo. Akachovya kidole. Kisha chatu mzima, mstari mmoja, bila kunyanyua kidole! Nikapiga kigelegele, mimi mwanamume. Deusdedit kashindwa! Mchoraji ni wa ukoo wetu! Siku zote nilijua.

Jumapili, 18 Agosti

Adhabu yetu: kuandika bango, mimi na kibuyu. MCHORAJI: MBUKE, 1961. Bibi alitoka kanisani akaja, akanitaka nimsomee. Nikasoma. Akasema: tena. Nikasoma tena. Akaenda zake akitabasamu barabara nzima.

Sasa, chini kumebaki nafasi. Nafasi tupu ni hasara. Nikaongeza, herufi ndogo za adabu: AKISAIDIWA NA MJUKUU WAKE AMOSI. Deusdedit akaruka, akasema mimi nimezaliwa 2004. Nikamwambia akifunga mdomo nitaongeza na jina lake.

Akafikiri. Akachungulia barabarani. Kisha akanisogezea kopo la rangi, akanionya kwamba Deusdedit lina herufi tisa, nisije nikambana.