Kiti Changu Kimeokolewa

Leo nimeachwa kwenye mvua ya mawe na watu waliokuja kutufundisha namna ya kutomwacha mtu nyuma. Niacheni nisimulie kabla nguo hazijakauka.

Mnaonijua mnajua kwetu ni Boito, chini ya mteremko wa chai. Mvua hizi zimeutia ule mteremko ufa. Mama huukagua kila asubuhi kama mtu anayemchungulia mgonjwa. Mlima ukinguruma, yeye atakimbia. Mimi na kiti changu cha magurudumu tutabaki tukiusikiliza. Kwa hiyo niliposikia kuna zoezi la dharura kwa watu wenye ulemavu, pale penye banda la kupimia majani chai, nilifurahi kama mtoto. (Nilivaa hata blauzi ya kanisa.) Nilitaka kujua jambo moja tu: siku hiyo ikifika, nani atanibeba, na kwa gari gani?

Gari lilikuwepo. Pikapu, imeinuka hadi kifuani, na hakuna hata ubao wa kupandishia kiti. Afisa aliyeleta zoezi, mama mpole mwenye koti la kung'aa, aliitazama pikapu, akanitazama mimi.

"Chelangat, tusije tukakuangusha bure. Hili ni zoezi tu. Tunaomba kiti chako, tutafute mtu wa kukikalia."

"Na mimi?"

"Wewe utatazama, ujifunze."

Aliyechaguliwa kuwa mimi ni Kipngeno, jirani yetu. Kipngeno ni mkimbiaji. Kijiji kizima huiombea miguu yake ifike ng'ambo. Wakamkalisha kwenye kiti changu, wakamfunga kwa shuka asianguke, wakamfunika blanketi hadi kichwani, maana mwathiriwa husikia baridi. Mimi nikapewa kiti cha plastiki kando ya shamba, mahali penye mandhari nzuri. (Mandhari niliipata.)

"Mwathiriwa anaweza kuchanganyikiwa," afisa akawaambia vijana wa kubeba. "Anaweza hata kukataa kuondoka. Msibishane naye. Bebeni."

Hapo mbingu nayo ikaleta zoezi lake. Mzaliwa wa huku haelezwi sauti ile: chai inaanza kupigwa ng'ambo ya bonde, kama umati unaokuja ukipiga makofi, kisha jiwe la kwanza la barafu linakupata sikioni.

Kila mtu alikimbilia gunia lake la majani yaliyokuwa yakingoja kupimwa. Siwalaumu. Majani yakipondwa na barafu karani wa mizani huyakataa, na jasho la asubuhi nzima linamwagwa shimoni. Magunia yakaingia bandani moja baada ya jingine. Mama yangu mzazi alinipita akiwa ameinama, gunia letu kichwani, macho yakiwa kwenye tope.

Wakati huo, kando ya pikapu, blanketi lilikuwa linapiga kelele. (Haya nimeyapata kwa Kipngeno mwenyewe.)

"Mimi ni Kipngeno! Natembea! Chelangat amebaki kule!"

"Tulia, dada," kijana mmoja akamwambia. "Tuko hapa kukusaidia."

"Huyu jamaa anaigiza vizuri," mwenzake akasema.

Wakamwinua, kiti na vyote, bila kumwangusha. Gari likaondoka kuelekea kanisani, mahali palipopangwa kuwa salama.

Nilinyoosha mkono, nikapata kikapu cha kuchumia chai, nikakivaa kichwani. Niliita. Nani angesikia, na mabati ya banda yalikuwa yananguruma kuliko mlima ninaouogopa? Mbele yangu chai iliyokuwa kijani asubuhi ilikuwa inachanika vipande vipande, na mimi nikaketi katikati ya uharibifu huo kama mazao yaliyokataliwa na karani.

Mawe yalipopungua nikasikia sauti ya Mama kutoka bandani. Alikuwa anaomba.

"Kongoi, Jehova. Asante sana. Majani umeyalinda, na mtoto wangu umemtoa. Nimemwona kwa macho yangu, amefunikwa blanketi, akipandishwa gari."

Watu wakaitikia amina.

"Mama," nikasema kutoka ndani ya kikapu. "Niko hapa."

Banda zima likageuka. Ile amina sijui ilirudi wapi.

"Sasa kwa gari ni nani?" Mama akauliza, polepole.

Afisa akakohoa. "Hiyo ni changamoto nzuri," akasema. "Tutaiweka kwenye mpango." Mama hakumngoja amalize. Alikuja mbio akanikumbatia, mimi na kikapu.

Kipngeno alirudi akikimbia, akisukuma kiti kitupu kwenye tope, blanketi limemning'inia shingoni. "Niliwaambia, Chelangat," akasema, akihema. "Niliwaambia."

Sasa niko nyumbani. Mvua inaendelea, na ufa uko pale pale juu yetu. Lakini mpango wa dharura ninao: mlima ukianza kushuka, nitaingia ndani ya gunia la majani chai. Msinicheke. Leo hakuna gunia hata moja lililoachwa nje.