Sponji ya Mama

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya sita Mama yuko kitandani tangu avunjike nyonga. Godoro lake limekwisha, chaga zinamchoma mgongo. Leo nimeona alama nyekundu chini ya bega. Nimeogopa. Anasema ni joto tu. Mama hajui kudanganya, sijui mimi nilijifunza kwa nani.

Nina mpango. Kiwandani kwetu sponji yenye matundu husagwa na kurudishwa mashineni. Iliyoharibika rangi tu, mteja akiikataa, tunagawiwa wafanyakazi. Na mchanganyaji ni nani? Mimi. Sheria ni ndoo nane za punje mpya, mbili za mabaki yaliyosagwa. Mabaki yakizidi, rangi ya sponji inafifia. Kesho nitaweka nne. Akili ninayo, wakubwa tu hawajaiona.

Jumanne, 5 Machi
Imetoka ya kijivu, laini, tamu kwa mkono. Miwani, mkaguzi wetu, mtu asiyecheka hata akitekenywa, aliizunguka mara tatu. Nilishapima kitanda kichwani. Mara mteja akaingia, akaibonyeza, akasema hii ndiyo aliyoitaka siku zote kwa sababu haionyeshi uchafu. Meneja akanipa mkono mbele ya watu. Ameamuru kuanzia sasa zote ziwe hivyo.

Nimepongezwa. Nimerudi nyumbani mikono mitupu.

Mama aliuliza mbona nimenuna. Nikamwambia nimesifiwa. Akafurahi kweli, akanipa chai yake.

Jumatano, 6 Machi
Kijivu kimeharibika kwa kupendwa. Sasa bluu. Kuna magunia ya mabaki ya bluu nyuma ya stoo, yana vumbi la mwaka mzima. Nimeyaosha kwa sabuni, maji matatu, maana atayalalia Mama. Nimeyamimina mashineni moja kwa moja.

Sikuyakausha. Miaka tisa nawafundisha wageni kwamba mabaki mabichi hayaingii mashineni, maji yanageuka mvuke na kutoboa sponji. Miaka tisa! Mashine ilipiga chafya mpaka saa sita. Kilichotoka kilikuwa matundu matupu. Miwani alinikazia macho, akasema kazi ya kusaga ni yangu. Nimesaga godoro la Mama kwa mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Alama sasa ni mbili. Nikaona liwalo na liwe. Nilijizungushia kipande cha sponji tumboni, nikafunga ovaroli juu yake. Nilitoka jasho kama kuku kwenye sufuria. Mlangoni Miwani akaniona natetemeka, akadhani naumwa, akanikalisha na kunifungulia vifungo apate kunipepea. Sponji ikachomoka yote.

Nilisema ukweli. Nilianza na nyonga nikamaliza na bega, na katikati nililia, sioni haya kuandika. Miwani akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye ubao karibu na bomba la maji, akanionyesha karatasi. Mwenye mgonjwa nyumbani aombe sponji kwa meneja, atapewa. Ipo pale mwaka mzima. Mimi nilidhani ni ratiba ya usafi, ndiyo maana nilikuwa naipita mbio.

Ijumaa, 8 Machi
Meneja amesaini bila hata kukaa. Sponji nzima, mpya. Miwani mwenyewe alishika upande mmoja, tukaibeba barabara nzima. Alimwamkia Mama kwa adabu, akatandika, akalainisha kona. Kumbe alimuuguza mama mkwe wake miaka miwili. Nimemchukia bure mtu huyu.

Mama alilala huku bado tunaongea naye.

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi nimemkuta Mama amekaa na mkasi. Amekata sponji katikati kwa urefu. Anasema amechoka kunisikia nikigeukageuka kwenye sakafu kando ya kitanda chake, ati na mimi nina mgongo. Nimemgombeza. Akaniambia nilale kwanza ndipo nigombe. Nimelala. Ni raha, jamani.

Lakini sasa zote mbili ni nyembamba, na yeye akigeuka anaangukia chaga. Anahitaji nyingine. Miwani, aliyepita kumjulia hali, amesema karatasi bado ipo, niombe tena tu. Kuomba mara mbili wiki moja? Nina aibu mimi. Kuna magunia ya mabaki mekundu kule nyuma. Kesho nitaweka ndoo tano.