Zinki Usoni, Wakwe Mlangoni

Jumatatu, 14 Julai
Ihanda. Baridi ya kukata masikio. Jumapili shangazi zake Restuta wanakuja kunitazama kabla hawajakubali posa. Walokole wa Ndalambo, hawataki mkwe anayeonja pombe. Sionji. Uso wangu ni ushahidi: maji ya kunde, laini, hauna doa. Nani mwingine hapa kijijini anao?

Mdogo wangu Ketrina, muuguzi wa zahanati, kapita kwenye vichanja tunakoanika kahawa, kagawa krimu ya jua. Kasema ina unga wa madini, zinki, unaokaa juu ya ngozi na kuizuia mionzi isiunguze. Tupake asubuhi, turudie mchana. Nikamwambia jua la Julai huku Mbozi halikaushi hata soksi. Kanijibu kwamba baridi ni ya hewa, jua la milimani linaunguza vilevile. Kusoma kwingi.

Gibson, jirani yangu wa kichanja cha pili, kapaka palepale. Kawa mweupe kama andazi lililoangukia unga. Naye anajiita mwanamume.

Jumatano, 16 Julai
Nimefikiri. Krimu ni ya bure, na Jumapili uso lazima ung'ae. Lakini nifanane na Gibson? Hapana. Nitapaka nikienda kulala, iingie taratibu, asubuhi nanawa kwa sabuni. Ketrina anasema haiingii. Basi si dawa, ni chokaa.

Saa sita tumefunika kahawa kwa shuka, maana jua la mchana likiipiga, maganda yanapasuka na kahawa inaharibika. Gibson kajipaka tena saa hiyohiyo. Nimemcheka sana. Mimi nimekaa juani kichwa wazi, nikizishika shuka zisipeperuke.

Ijumaa, 18 Julai
Pua inawaka. Mashavu yamekuwa meusi, ngozi inabanduka, midomo imepasuka na kuwa myekundu. Krimu mbovu! Jioni nimeongeza dozi. Gibson kaniuliza kwa upole kama naumwa. Upole wa mnafiki.

Jumapili, 20 Julai
Aibu. Shangazi mkubwa, Mama Violet, hakugusa hata chai. Kanitazama midomo, kamtazama mwenzake. Kasema uso huu wanaujua, ni wa gongo. Nikaapa kwamba ni jua. Kaniuliza jua gani, huku kajifunga vitenge viwili kwa baridi. Hata mimi ningeuliza hivyohivyo. Restuta kalia. Nami nusura nilie, maana nampenda yule binti kuliko kitu chochote.

Kisha kaja Gibson, uso mweupe vilevile, kunitetea! Kasema sijawahi kuonja pombe, ni jua tu, na krimu sipaki. Wakampa kiti. Wakamsikiliza. Wakacheka naye. Wamenipa wiki mbili: uso ukipona wataniamini, usipopona nisiwasumbue tena. Nimeokolewa na mtu aliyejipaka unga.

Jumatatu, 21 Julai
Ketrina kaja nyumbani, kanieleza polepole kama anayemweleza mtoto wa chekechea. Krimu hii haiingii mwilini, inakaa juu ya ngozi, ndiyo kazi yake, kwa hiyo ipakwe kabla ya kutoka juani. Nimemsikiliza hadi mwisho. Na safari hii nimeelewa. Inakaa juu! Ndiyo maana kila asubuhi foronya yangu ni nyeupe. Siku zote hizi nimekuwa nikiupaka mto.

Kosa nimeliona. Kuanzia leo nalala bila mto.