Nyumba ya Sahani Yabonyea

Idara ya Makazi Imara ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba, kuanzia Jumatatu, kobe wote wanaofugwa majumbani wangetambuliwa rasmi kuwa wenye nyumba. Kobe huzaliwa na nyumba mgongoni, na mwenye nyumba hana budi kukaguliwa. Vikao kumi na vinne vilihitajika kufikia uamuzi huo, na chai ilinywewa katika vyote.

Mshonaji mmoja mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alijaza fomu ya usajili siku ile ile bila kusukumwa. Alikuwa na kobe wa maji aitwaye Sahani, kwa jinsi alivyokuwa bapa. Gamba lake lilikuwa laini, ngozi tupu, na pua yake ndefu na nyembamba. Tanki lake la kioo lilikuwa refu kuliko kitanda cha Mama mwenyewe. Mama alimpenda kobe yule waziwazi, kwa sababu tangu afiwe na mumewe hakubaki mwingine wa kumsikiliza asubuhi.

Alhamisi akaja Mkuu wa Idara mwenyewe, tumbo likitangulia, na nyuma yake karani mwenye daftari. Nje waliacha ndoo ya saruji iliyokwisha kukorogwa, maana Idara haipendi kupoteza muda.

"Mbona msingi wa mchanga mtupu?" Mkuu aliuliza, akichungulia tanki.

"Hujichimbia humo, mzee. Kokoto zingemchubua, na akichubuka anaoza."

"Andika: mkazi hujificha mamlaka zikifika. Na maji yanafika wapi?"

"Yanamfunika kabisa."

"Eneo la mafuriko! Mama, unaishije hivi na roho ikatulia?"

Karani aliandika mpaka kalamu ikalia. Kisha akamgusa Sahani mgongoni kwa rula. Gamba likabonyea.

"Halijajengwa kwa vifaa vya kudumu," Mkuu alitamka kwa huzuni ya kikazi. "Litapigwa plasta leo hii, au litavunjwa."

Mama Cherehani alipaza sauti. "Mzee wangu, huyu anapumua hata kwa ngozi! Ukimpaka saruji umemzika hai!"

"Kufa ni hiari yake, mama. Plasta ni lazima."

Akasimama kati yao na tanki, sindano bado imechomekwa kifuani mwa gauni. Machozi yalimlenga, lakini fomu aliisoma yote, hata yale maandishi madogo ambayo Idara iliyaandika ili yasisomwe.

"Rula si kipimo," alisema. "Kifungu cha tisa. Kipimo halali ni kidole gumba cha Mkuu."

Kweli kabisa. Kidole kile kilikuwa kimepimwa, kikasajiliwa na kukatiwa bima. Mkuu alikunja mkono wa kulia wa shati kwa madaha.

"Mshike kwa nyuma, mzee. Shingo yake ni ndefu kuliko unavyodhani."

"Usinifundishe kazi, mama."

Akakipeleka kidole kwa mbele, kama anavyokwenda kila mahali. Shingo ya Sahani ikachomoka, mdomo ukakibana kidole. Mkuu alimwita mama yake mzazi, ambaye si mtumishi wa Idara.

"Usivute, kitang'oka!" Mama Cherehani alipiga kelele. "Zamisha mkono majini, atakuachia mwenyewe!"

Mkuu akapiga magoti katika eneo la mafuriko, mkono ndani mpaka kiwiko, na baada ya muda Sahani akamwachia, akarudi mchangani na shughuli zake. Kidole kilitoka kimevimba, kimelowa damu.

Karani alikuwa mtumishi mwaminifu. Alifungua kanuni. "Kipimo kikipata hitilafu kikaguliwe papo hapo," alisoma, akakibonyeza.

"Yalaaa!"

"Kinabonyea, bosi."

"Ni kidole changu, mpumbavu wewe!"

"Kilikuwa chako, bosi. Kilishasajiliwa." Karani akaandika: si imara. "Tuvunje, au plasta?"

Damu ilikuwa inamchuruzika mpaka kwenye saa. "Plasta!" Mkuu alifoka. "Lete plasta, haraka, unangoja nini?"

Karani alitoka mbio, akarudi na ndoo. Mama Cherehani, aliyekuwa ameshafungua kikopo chake cha pamba na bandeji, alikifunga tena. Karani alipaka kwa mwiko, tabaka mbili, kwa mujibu wa kanuni, kuanzia kidole mpaka kifundo cha mkono. Alikuwa na ustadi. Ndoo ilipokwisha, saruji ya Sahani haikubaki.

Kazi za ukaguzi zimesimama kote. Saruji ilikauka vizuri, na wataalamu wanasema itadumu miaka arobaini. Inaweza kubomolewa, bila shaka, kwa kibali cha kuvunja kilichotiwa saini na Mkuu, kwa mkono wake wa kulia.