Kiti cha Mlezi

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Tangazo kwenye ukuta wa maktaba: WALEZI WANATAKIWA. Nimejiandikisha palepale. Jirani yangu, fundi cherehani, ni mlezi wa timu ya mpira. Kila mechi kiti cha mbele ni chake, na soda anapewa wa kwanza. Mimi nauza vioo na fremu. Miaka yote nawafremia wenzangu picha walizopigwa meza kuu. Sasa zamu yangu. Mke wangu kauliza kama nimesoma tangazo lote. Nimemjibu kwamba mlezi hasomi, husomewa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevaa suti. Meza kuu sikuiona. Mkutubi kanikalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni, kisha akaniletea binti wa miaka kumi, mwenye pengo mbele. Nikauliza wenzake wako wapi. Nikaambiwa wangu ni huyo mmoja, kila Jumamosi, nimsaidie kujifunza. Walezi wawili waliotangulia walikuja mara moja wakayeyuka. Kama nami nina mpango huo, niseme mapema.

Suti nimeshavaa. Nikasoma hotuba niliyokuja nayo hivyo hivyo. Binti akauliza kwa nini watu husema wana machache halafu wanaongea sana. Aliposikia nauza vioo, akauliza kwa nini kioo kinageuza kulia na kushoto lakini hakigeuzi juu na chini. Nikamwambia hivyo ni vile vya bei rahisi.

Jumanne, 11 Machi

Hata vya bei mbaya vinageuza! Nimejaribu vyote dukani. Nimeinua mkono, nimeinamisha kichwa, nimelala ubavu sakafuni. Mteja mmoja kaondoka kimyakimya. Fundi cherehani kaniona nikijipungia mkono. Sasa mtaa mzima unanipungia. Miaka yote nauza kitu nisichokielewa, na ghafla nataka sana kukielewa.

Alhamisi, 13 Machi

Bahati! Fundi cherehani anasafiri. Timu imeniomba nikalie kiti chake Jumamosi, siku ya fainali.

Balaa! Jumamosi hiyo hiyo maktaba ina siku ya wazazi, binti anaeleza mbele yao jibu la swali lake la kioo, nami nimeahidi kuleta kioo kikubwa. Nimebuni mpango: kipindi cha kwanza uwanjani, halafu maktaba. Nilimkuta maktaba akifanya mazoezi, nikamwambia nitachelewa kidogo.

“Sawa, mjomba,” akasema bila kuniangalia. “Hata wale wengine walisema kidogo.”

Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumamosi, 15 Machi

Kiti cha mbele kitamu. Soda ya baridi, ya kwanza. Lakini nikajikuta nakitazama kioo miguuni pangu badala ya mpira. Nikakikwapua, nikatoka mbio kabla ya mapumziko. Nasikia kombe lilikosa wa kulikabidhi.

Binti alikuwa amesimama mbele ya watu, macho mlangoni. Aliponiona akacheka, pengo lote nje. Nikainua kioo. Akaeleza: ukiinua mkono ulio upande wa dirisha, na yule wa ndani ya kioo anainua wa upande wa dirisha. Kioo hakigeuzi kulia wala kushoto, kinageuza mbele na nyuma. Ni sisi tunaodhani yule mtu kazunguka kutukabili.

Nilikuwa nyuma ya kioo, sikuona kitu, lakini nilielewa! Machozi yakanitoka kidogo kwa furaha. Kwenye picha aliyotupiga mkutubi nimetokea vidole na viatu tu.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi cherehani karudi, hanisemeshi. Shauri yake.

Binti kapita dukani akitoka shule, kuuliza kama Jumamosi nitakuja. Nikasema nitakuja bila kukosa, ila aniwekee kiti cha mbele. Akanikumbusha kwamba tunakaa meza ya duara, haina mbele. Nikamwambia kila meza ina mbele yake, ni kuitafuta tu. Akafikiri sana. Kasema Jumamosi atakuja na rula.